Mmiliki Mpya, Mkataba wa Zamani: Kushughulikia Ukiukaji wa Mikataba ya Uhifadhi wa Ardhi

Mada kwa semina ya wasimamizi wa hifadhi za watu binafsi na za jamii

1. Utangulizi

Nimeombwa nieleze jinsi taasisi za udhamini wa ardhi zinavyoshughulikia ukiukaji wa mikataba ya uhifadhi. Wengi wenu mnaifanya kazi hii kila siku, kwa hiyo mambo ya msingi nitayapitia haraka.

2. Mambo ya msingi

Katika mkataba wa uhifadhi, mwenye ardhi hubaki na hati yake. Anaweza kuchunga, kurithisha au kuuza. Asichoruhusiwa ni yale yaliyotajwa: kuzungusha ua, kuchimba mawe, kukata ploti. Hapa Kenya msingi wake ni vifungu vya 112 hadi 116 vya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, pamoja na Sheria ya Wanyamapori ya 2013. Masharti hayo yanaweza kuwa ya muda maalumu au ya kudumu, na hufuata ardhi, si mtu.

Hatua za kushughulikia ukiukaji pia zinajulikana: kukagua, kupiga picha, kulinganisha na kumbukumbu za awali, kutoa notisi ya maandishi, kuzungumza, kukubaliana marekebisho na, ikishindikana, kwenda mahakamani. Kosa dogo limalizwe kwa mazungumzo.

3. Anayevunja si aliyetia saini

Mzee aliyeweka saini kwa hiari yake ni nadra kutusumbua. Taabu huanza ardhi inapobadilisha mkono.

Marekani, ambako mikataba hii ina historia ndefu, inatuonyesha hivyo. Huko Lyme, Connecticut, masharti yaliwekwa mwaka 1981. Aliyenunua 2007 akageuza uwanda wa asili kuwa bustani ya nyasi za kumwagilia, na mwaka 2009 taasisi ikamshtaki. Virginia, mkataba wa 2001 ulifikishwa mahakamani baada ya mnunuzi kuanza kujenga kiwanda cha jibini na mikate chenye ukumbi wa wateja. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya jimbo ilimpa ushindi mnunuzi, kwa kuwa maneno yenye utata yalifasiriwa kwa faida ya matumizi huru ya ardhi.

Kesi ya Sonoma Land Trust, California, inatisha zaidi. Mwaka 2014 wamiliki wapya waling'oa mwaloni wa miaka 180 hivi ili waupande kwenye shamba lao la jirani. Buldoza lilichonga barabara ndani ya eneo lililohifadhiwa ili mti upite, na miti mingine iliyosimama njiani ikaondolewa. Taasisi ilishinda, na gharama za mawakili pekee zilikaribia dola milioni 3. Hakuna hukumu iliyoweza kuurudisha mwaloni ule.

4. Mkataba unapotelea wapi

Hapa kwetu ardhi haiuzwi tu, inakatwa. Tazameni nyanda za Athi-Kaputiei, kusini mwa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Mbuga ilianzishwa mwaka 1946 ikiwa na kilomita za mraba 117 tu, na nyumbu wake walitegemea malisho ya nje. Tangu mwaka 2000 familia za Kitengela zililipwa ili zisizungushe ua wala kuuza, lakini bei ya ploti ilipanda kuliko malipo yale. Nyua, machimbo na nyumba zikaziba njia za wanyama.

Ardhi ikigawanywa, rejista ya hati mama hufungwa na kila ploti hupata namba na rejista yake. Hapo ndipo sharti la uhifadhi linatakiwa kunakiliwa kwenye kila rejista mpya. Lisiponakiliwa, mkataba umekufa kimyakimya. Nimeonyeshwa na mnunuzi karatasi ya ukaguzi wa hati aliyoilipia kihalali; sehemu ya vizuizi iliandikwa "hakuna". Nguzo za ua zilikuwa zimeshasimama. Utamwambia nini mtu huyo?

Simlaumu afisa yeyote. Ofisi zina kazi nyingi, na uhamishaji wa rekodi kwenye mfumo wa Ardhisasa, uliozinduliwa mwaka 2021, ni kazi kubwa. Lakini tumeandika barua, tumefuatilia, tumeambiwa tusubiri, na ploti zinaendelea kukatwa. Jambo hili lingezuilika katika ngazi ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, kwani ardhi ya kilimo haigawanywi bila ridhaa yake. Bodi isiyojua kuna mkataba itatoa ridhaa.

Kuna jambo jingine. Kifungu cha 114 cha ile Sheria ya Mazingira ya 1999 kinampa haki ya kudai utekelezaji yule tu ambaye masharti yamewekwa kwa jina lake. Jirani anayeona tingatinga hawezi kukitumia. Taasisi ikilala, kifungu nacho kinalala.

5. Mapendekezo

(a) Kila mkataba usajiliwe, na taasisi ikague rejista yenyewe kila mwaka.
(b) Orodha ya ardhi zenye mikataba ipelekwe kwa kila bodi ya udhibiti wa ardhi, kwa wapima na kwa idara ya mipango ya kaunti.
(c) Ridhaa ya kugawa ardhi hiyo isitolewe kabla taasisi haijasikilizwa.
(d) Msajili ahakikishe sharti linanakiliwa kwenye kila rejista mpya, zikiwemo za Ardhisasa.
(e) Mmiliki mpya atembelewe mara tu mauzo yanapojulikana, apewe nakala ya mkataba kwa Kiswahili na kwa lugha ya eneo.
(f) Maneno ya mkataba yawe wazi. "Matumizi yanayofaa" hayamfungi mtu.
(g) Kumbukumbu za awali ziwe na picha, ramani na saini ya mmiliki.
(h) Majirani wapewe namba ya simu ya kutoa taarifa.
(i) Taasisi zichangie mfuko wa pamoja wa kesi, kama Terrafirma ya Marekani, iliyoanza kuzikatia bima taasisi wanachama mwaka 2013.
(j) Narudia: rejista ikaguliwe kila mwaka.

6. Hitimisho

Mkataba usioonekana kwenye rejista haumzuii mnunuzi. Nawaomba, kabla ya kupanga miradi mipya, kila taasisi iende ofisi ya ardhi ikathibitishe kwamba mikataba iliyo nayo bado imo.