Kabla Hujatupa Ndoano Naivasha

Wapo wenzetu wa Nairobi ambao Jumamosi huteremka Naivasha kwenda kuvua besi. Huyu si lile basi la Kisumu. Ni samaki wa Marekani aliyetiwa ziwani humo mwaka 1929. Hula samaki wadogo na hujificha kandokando ya mafunjo, akivizia.

Kwa hiyo usihangaike na katikati ya ziwa. Tupa chambo bandia, kile cha bati linalozunguka au mnyoo wa plastiki, ukingoni mwa mafunjo, kisha ukivute polepole. Mshipi mwembamba mno utakatikia kwenye magugu. Alfajiri ndiyo saa yake.

Taabu ni kwamba mafunjo hayo hayo ndiyo makao ya kiboko. Mchana yumo majini, na akizama humwoni. Mwambie nahodha aende taratibu, agonge ubavu wa boti kumjulisha kwamba mnapita, wala asikae kati ya mnyama huyo na maji ya kina.

Halafu upepo. Asubuhi ziwa limetulia kama mafuta ndani ya chupa. Alasiri mawimbi yanarukia botini. Geuzeni mapema. Na jaketi la kuokoa maisha hufungwa kifuani kabla ya kuondoka ufukoni. Hawa wanaolikalia kama mto, sijui wanategemea litawavaa lenyewe! Boti isiyo na jaketi la kila abiria mwachie mwenyewe, hata kama bei yake ni nafuu na watoto wameanza kulia.