Msokoto Mmoja, Umri Tofauti

Msikilizaji, takwimu za mwaka 2022 za NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, zilisema Mkenya 1 kati ya 53, wa umri wa miaka 15 hadi 65, anatumia bangi. Sawa. Lakini kwa nini?

Simama steji ya Pap Onditi, kaunti ya Kisumu, jioni. Kijana wa bodaboda anawasha msokoto wa njaga, anavuta pafu mbili, anampa mwenzake. Anavuta kwa sababu wenzake wanavuta, na abiria hawaji. Mvuvi wa omena wa miaka arobaini atakuambia ni baridi ya ziwa usiku na usingizi usiokuja mchana. Mzee yeye si bangi, anavuta sigara moja moja, kimya. Alianza kwa raha, sasa asipovuta mikono inatetemeka. Huyo wa tatu hana sababu tena, ana mazoea tu.

Tunawahubiria wote hotuba moja: ya gereza. Haimgusi mzee, wala haimpi kijana abiria.

Na sigara hiyo ya mzee? Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kuuza sigara moja moja. Kioski kilicho jirani nawe kinaziuza.