Nusu Kaputi, Ganzi na Mgonjwa wa Saratani ya Utumbo Mpana



Mada niliyopewa kwenye semina hii inauliza kipi ni bora kwa mgonjwa anayekatwa utumbo mpana kwa sababu ya saratani: nusu kaputi au ganzi. Naomba kwanza tulinyooshe swali lenyewe. Ni nadra utumbo mpana kukatwa kwa ganzi peke yake. Daktari wa upasuaji anapouvuta utumbo, taarifa hupita kwenye neva ya vagasi, ambayo sindano ya mgongo haiifikii. Mgonjwa aliye macho hutapika na mapigo yake ya moyo hushuka. Upasuaji wa matundu madogo nao hulijaza tumbo hewa ukaa, kiwambo kikasukumwa juu, na kupumua kukawa kazi ngumu. Kwa hiyo ulinganisho wa kweli, ule uliofanyiwa utafiti, ni baina ya nusu kaputi inayofuatiwa na mofini, na nusu kaputi iliyoongezewa ganzi, hasa ya epidurali.

Kuna tumaini moja lililotutawala kwa miaka mingi. Upasuaji hudhoofisha kinga ya mwili, hasa seli zile zinazowinda seli za saratani zilizoponyoka kwenye damu. Katika maabara, mofini na baadhi ya gesi za usingizi zimeonekana kuongeza udhaifu huo. Basi ikaonekana ni jambo la akili kwamba ganzi, kwa kuzuia taarifa za maumivu zisifike kwenye ubongo na kwa kupunguza mofini, ingezuia saratani isirudi. Tafiti zilizopekua mafaili ya zamani zililitia nguvu wazo hili. Lakini faili halituambii kwa nini mgonjwa huyu aliwekewa epidurali na yule hakuwekewa. Mara nyingi aliyewekewa alikuwa na afya nzuri zaidi tangu mwanzo.

Wagonjwa walipogawanywa kwa bahati nasibu, tumaini lilififia. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2008, wenye wagonjwa 177 wa saratani ya utumbo mpana, uliona nafuu kwa wale tu ambao saratani ilikuwa haijasambaa, tena katika kipindi cha mwanzo, baadaye haikuonekana. Wagonjwa 503 wa saratani za tumbo waliotoka katika utafiti wa awali wa epidurali, uitwao MASTER, walifuatiliwa kwa miaka, na matokeo ya mwaka 2011 hayakuonyesha tofauti. Mwaka 2019 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa zaidi ya wanawake 2,100 wenye saratani ya matiti: ugonjwa ulirudi kwa takriban asilimia 10 katika kila kundi, lililopata ganzi na lisiloipata. Kisha mwaka 2021 ukaja utafiti wa Skandinavia wa wagonjwa 221 wa utumbo mpana na puru, na epidurali haikurefusha muda wa kuishi bila saratani. Kwa maoni yangu, hatuna haki ya kumwambia mgonjwa akubali sindano ya mgongo ili saratani isirudi.

Tumwambie faida zilizothibitika. Kwa mkato mrefu wa tumbo, epidurali iliyowekwa usawa wa kifua hupunguza maumivu zaidi kuliko mofini ya mshipani. Mgonjwa anakohoa, anapumua kwa kina, anaketi mapema. Utumbo pia huamka upesi, kwa sababu dawa kama bupivakeini huzuia neva za simpathetiki zinazoutuliza, huku vagasi ikiendelea na kazi yake ya kuusukuma. Gharama yake ni presha kushuka. Hapa ndipo penye hatari ambayo hatuizungumzii vya kutosha: presha ikishuka, chupa za maji hufunguliwa moja baada ya nyingine, utumbo unavimba, na pale uliposhonwa panateseka. Dozi ndogo ya dawa ya kubana mishipa mara nyingi inafaa kuliko lita nyingine. Na kabla ya kuweka au kutoa katheta, tuulize heparini ilichomwa saa ngapi. Damu ikivujia kando ya uti wa mgongo, miguu inaweza kupooza.

Kwa upasuaji wa matundu, mizani inageuka. Maumivu ni machache, na miongozo ya kuharakisha nafuu, iliyotokana na kazi ya Henrik Kehlet wa Denmark, haiipendekezi tena epidurali hapo. Mofini kidogo sana kwenye maji ya uti wa mgongo, au ganzi ya ukuta wa tumbo, inatosha.

Sasa tuje kwetu. Utafiti wa matokeo ya upasuaji barani Afrika, uliochapishwa mwaka 2018 kutoka nchi 25, uliona vifo vya asilimia 2.1, mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa wagonjwa wengi walikuwa vijana na wenye hatari ndogo. Wengi wa waliofariki walifariki baada ya siku ya upasuaji, yaani wodini. Katheta ya epidurali isiyo na muuguzi wa kupima presha na upumuaji usiku ni hatari tuliyoipandikiza wenyewe. Pale ambapo muuguzi mmoja wa zamu ana wodi nzima, mimi nachagua nusu kaputi, ganzi ya ukuta wa tumbo, parasetamoli kwa saa maalumu, na mofini kwa kipimo kidogo.

Tena wagonjwa wetu wengi huja utumbo umeshaziba: tumbo limejaa, wanatapika, wamekaukiwa maji, pengine sumu ya vijidudu imeshaingia kwenye damu. Huyo asichomwe mgongo kwa haraka. Presha yake inasimama kwa sababu mishipa imejibana. Ganzi ikiilegeza, moyo unaweza kusimama. Arudishiwe maji, awekewe mrija wa tumboni, kisha alazwe usingizi kwa ketamini na mrija wa hewa uingizwe upesi kabla hajapaliwa.

Kwa ajili ya mjadala wa mchana, naomba kila kituo kieleze mambo mawili: nani anampima mgonjwa saa nane za usiku, na ni wangapi kati ya wanaohitaji tibakemikali wanaoianza ndani ya wiki 8 baada ya upasuaji. Kuichelewesha kunahusishwa na kupungua kwa muda wa kuishi, na nimonia au mshono uliofumuka ndivyo vinavyoichelewesha. Kwa njia hiyo kazi yetu inaigusa saratani yenyewe.