Anayetoa Taarifa Asiadhibiwe



Tumeombwa tuzungumzie uongozi wa afya duniani. Tukisikia maneno hayo wengi wetu tunafikiria Geneva, yalipo makao makuu ya Shirika la Afya Duniani (WHO). Leo tuanzie malishoni.

Mwishoni mwa mwaka 2006 mvua kubwa za El Niño zilinyesha Afrika Mashariki. Madimbwi yalijaa, mayai ya mbu yaliyolala ardhini yakaanguliwa, na Homa ya Bonde la Ufa ikalipuka Kenya, Somalia na Tanzania. Mifugo iliharibu mimba na kufa. Hadi mwaka 2007 watu zaidi ya 300 walikuwa wamefariki. Satelaiti zilikuwa zimeonyesha hatari wiki kadhaa kabla, na chanjo ya mifugo ilikuwepo. Lakini anayetabiri mvua, anayetibu ng'ombe na anayetibu watu, kila mmoja ana ofisi yake na bajeti yake.

Tena, mfugaji akitoa taarifa kwamba ng'ombe wake wanaharibu mimba, mnada hufungwa. Chakula na mahitaji ya shule ya watoto wake vinatoka katika mnada huo. Akinyamaza, tutamlaumu?

Mataifa nayo hutendeana vivyo hivyo. Novemba 2021 Afrika Kusini ilitangaza mapema aina mpya ya kirusi cha korona, Omikroni. Malipo yake yakawa kufungiwa safari za ndege. Mei 2025 nchi wanachama wa WHO zilipitisha mkataba wa magonjwa ya mlipuko, lakini suala la kushirikishana vimelea na faida zake liliachwa lijadiliwe katika kiambatisho.

Msamaria mwema hakuishia kufunga vidonda. Alimwachia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, akaahidi kulipa gharama itakayozidi. Huruma yake ilikuwa na bajeti.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Kwanza, tuzidai serikali na wafadhili fidia kwa anayetoa taarifa mapema, awe mfugaji au taifa. Pili, tuanze nyumbani: kabla ya msimu wa mvua, kila hospitali na zahanati yetu imwalike bwana mifugo na wafugaji wenyewe wakae meza moja na waganga. Hilo halihitaji kusubiri Geneva.

Mungu atubariki sote.