Kinanda cha Baba Kiende kwa Nani?

Somo: 2 Mambo ya Nyakati 29:25-28, Malaki 1:8



Katika nyumba za baadhi ya wazee wetu kungali kinanda cha zamani cha kukanyaga kwa miguu. Kimefunikwa kitambaa, na juu yake imewekwa televisheni. Baba aliyekipiga amelala katika Bwana. Watoto wamehama, wala hakuna anayejua kukipiga. Mmoja anasema kiuzwe. Mwingine anataka mbao zake zitengenezwe meza. Wa tatu anakataza kisiguswe, kwa kuwa ni cha baba. Mama mjane ananyamaza. Kwa ajili ya kinanda kimoja, ndugu hawasalimiani tena!

Sikilizeni Neno. Hezekia alipolitakasa hekalu, Walawi walisimama na vyombo vya Daudi. Daudi alikuwa amekufa zaidi ya miaka 200, lakini huduma aliyoiweka ilikuwa bado na watu wa kuishika. Chombo cha sifa hakitunzwi kwa kufunikwa. Kinatunzwa kwa kupigwa.

Basi, mfanye nini?

Kwanza, mwulizeni mama. Kinanda kisitoke mlangoni kabla yeye na watoto wote hawajakubaliana. Roho ya baba haikai ndani ya mbao, msiogope kukitoa. Kuuza nako si dhambi, bei ikisemwa wazi na mjane akipata haki yake. Lakini kumpita mama ni dhuluma.

Pili, kichunguzeni. Mguu ukikanyaga, mivukuto inavuta upepo, na upepo unatikisa ndimi ndogo za shaba. Shaba hudumu. Kinachoharibika mapema ni ngozi na kitambaa cha mivukuto, kwa sababu ya panya na unyevu. Kaeni, kanyageni, mjaribu sauti moja moja. Malaki aliwakemea waliomtolea Mungu mnyama kilema. Kanisa si jalala. Kikiwa kimetoboka, changeni pesa fundi akitengeneze kwanza. Kikiwa kimekufa kabisa, semeni ukweli.

Tatu, tafuteni mikono kabla ya kutafuta mahali. Kanisa la mjini lenye piano ya umeme litakiweka stoo. Kanisa la kijijini lisilo na umeme litakifurahia, kwa maana kinataka miguu tu. Ulizeni: Nani atakipiga? Atamfundisha kijana gani? Paa linavuja? Wakikosa majibu, endeleeni kutafuta. Mkikitoa, andikeni karatasi kwamba kimepewa kanisa, si mchungaji. Mimi ni mchungaji, nasema hivyo: siku mchungaji akihamishwa, kinanda kibaki.

Ndugu uliyeacha kusalimiana na ndugu yako, anza na hilo leo. Mpigie simu kabla hamjazungumza habari ya kinanda. Sadaka inayotoka katika nyumba yenye ugomvi, Yesu alituagiza tuiache kwanza, tukapatane.

Tuombe. Bwana, ponya nyumba zinazogawanyika kwa ajili ya urithi. Wape wajane sauti, na vyombo vya wazee wetu uvipatie mikono mipya. Kwa jina la Yesu, Amina.