MTOTO MWENYE USONJI AJIFUNZE RANGI KWA MIKONO YAKE

(Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu wa shule za msingi)



Nimeombwa nieleze namna ya kumfundisha rangi mtoto mwenye usonji. Huenda wako miongoni mwetu wanaoiona mada hii kuwa ndogo. Lakini asiyetambua rangi hawezi kuitegemea taa ya barabarani, wala kuchagua embe bivu sokoni. Zaidi ya hayo, somo la rangi ni miongoni mwa masomo ya mwanzo kabisa, na aghalabu ndipo mwalimu anapokata shauri kwamba mtoto fulani hafundishiki. Hukumu hiyo ndiyo ninayotaka tuipinge leo.

Usonji si laana, hauambukizi, wala hauletwi na malezi mabaya. Ni tofauti katika ukuaji wa ubongo, na mtu huishi nayo maisha yake yote. Daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alipoandika habari za watoto 11 mwaka 1943, alieleza kwamba walitaka sana mambo yabaki vile vile bila kubadilika. Naomba tulikumbuke jambo hilo, maana nitalirudia.

Sasa tuitazame njia tuliyoizoea. Mwalimu anainua kalamu na kuuliza: "Hii ni rangi gani?" Darasa zima linaitika. Mtoto mwenye usonji ananyamaza, au anajibu: "Rangi gani." Mwalimu anadhani anadhihakiwa. La hasha! Kurudia maneno aliyoyasikia ni njia ambayo wengi wa watoto hawa huitumia kuyashika mazungumzo. Swali lile limemdai mambo matatu kwa mpigo: aelewe lugha, aitenge rangi na kalamu yenyewe, kisha atoe neno. Kushindwa kutaja si kutojua. Wajibu wetu ni kuugawa mzigo huo.

Hatua ya kwanza ni kulinganisha. Kusanyeni vifuniko vya chupa vilivyo sawa kwa ukubwa na umbo, vinavyotofautiana kwa rangi tu. Anzeni na rangi mbili zilizo mbali, kama nyekundu na buluu. Msianze na nyekundu na ya machungwa. Wekeni makopo mawili, kila kopo na kifuniko kimoja cha mfano mbele yake. Mtoto atie kila kifuniko panapostahili. Hapa haulizwi neno lolote. Akisita, mwongozeni mkono polepole, kisha mpunguze msaada siku hadi siku. Mtoto mwenye tabia ya kutia vitu mdomoni apewe vipande vikubwa vya kitambaa.

Hatua ya pili ni kuchagua: "Nipe nyekundu." Badilisheni mahali pa makopo mara kwa mara, kwani mtoto anaweza kukariri kwamba jibu ni mkono wa kulia, nasi tukadhani amejua rangi.

Hatua ya tatu ni kutaja. Asiyesema aonyeshe kwa kidole au kwa kadi. Jibu hilo ni jibu kamili.

Hatua ya nne, ambayo wengi huisahau, ni kuitoa rangi kwenye kopo. Mtoto aliyejua wekundu wa kifuniko huenda asiutambue wekundu wa nyanya. Hana budi kuokota majani, kupanga nguo, kuchambua maharage, kupaka rangi. Lakini wako wasiovumilia rangi ya majimaji vidoleni. Hao wapewe brashi, wala wasilazimishwe.

Ndugu walimu, liko jambo moja linalotuhusu sisi tunaofundisha kwa Kiswahili. Kwetu ni nguo nyekundu, kifuniko chekundu, ua jekundu, mti mwekundu. Kwa mtoto anayetaka mambo yasibadilike, hayo yaweza kuwa majina manne ya rangi nne! Kwa hiyo chagueni umbo moja, "nyekundu", mlitumie shuleni na mzazi alitumie nyumbani, mpaka limkae. Ndipo mlete mengine, moja moja. Kwa upande mwingine, lugha yetu inatusaidia sana. Kijani imo katika jani, kijivu imo katika jivu, manjano ni bizari, zambarau ni tunda. Wazee waliozipa rangi majina walianza na vitu vinavyoshikika. Basi nasi tumpe mtoto jani na jivu mkononi kabla ya kumpa neno.

Tahadhari moja: wako watoto, hasa wavulana, ambao macho yao hayatofautishi nyekundu na kijani. Mtoto anayekosea rangi hizo hizo kila mara apelekwe kupimwa macho kabla ya kulaumiwa.

Najua madarasa yetu yamejaa. Lakini ninayoyaomba hayahitaji fedha za kigeni. Ni makopo, vifuniko, na dakika kumi kila siku, kwa saa ile ile na mahali pale pale. Linalohitajika zaidi ni subira. Mtoto aliyetia kifuniko chekundu mahali pake bila kusema neno amekwisha kutujibu. Tusimwandike kuwa hafundishiki kwa sababu tu hatukulisikia jibu lake.