Somo la Hesabu: Mstari wa Pamba

Chukueni kalamu na karatasi. Leo tupo Magu, kwenye mizani ya pamba. Wakulima wa Usukumani walinung'unikia mizani ya wanunuzi tangu zamani, wakaunda vyama vya ushirika. Na mwaka 1955 ukaanzishwa muungano wao, Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya uongozi wa Paul Bomani.

Tuseme bei ni shilingi 1,000 kwa kilo. Mama mmoja alikopeshwa dawa ya pamba, na deni hukatwa mara moja tu. Amepeleka kilo 120, amepewa shilingi 105,000. Amekatwa ngapi? Hakuambiwa.

Fanyeni hivi. Kilo 120 mara 1,000 ni 120,000. Toeni 105,000, zabaki 15,000. Ndilo deni. Basi mlinganyo wake ni huu:

fedha = 1,000 × kilo − 15,000

Mkiuchora, kila kilo moja ikiongezeka mstari wapanda shilingi 1,000. Huo ndio mwinuko. Mwinuko huo na nukta moja, yaani kilo 120 kwa shilingi 105,000, vyatosha kuupata mstari wote.

Jirani yake mwenye deni kama hilo amepeleka kilo 200, akapewa 180,000. Pimeni: 200,000 kutoa 15,000 ni 185,000. Shilingi 5,000 zimekwenda wapi? Achukue stakabadhi, arudi akamwulize karani kwa adabu, leo hii, kabla daftari halijafungwa.

Na aliyepeleka kilo 10 tu? Mstari washuka chini ya sifuri: bado anadaiwa 5,000.

Sasa ninyi. Mwenye deni hilohilo amepewa 60,000. Alipeleka kilo ngapi?